Mwizi Aliyeniamkia Vizuri

Salma, mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Salamu nakupa kwa desturi tu, maana tumeamkiana leo alfajiri na jioni tutakula sahani moja. Ama baada ya hizo salamu zisizo na safari, nnakuandikia kwa kuwa yapo maneno mdomo wangu umeyashindwa. Nilijaribu jana ulipokuwa ukinipaka mafuta miguu. Nikafungua mdomo, nikaishia kukuuliza kama umefunga dirisha. Basi leo umekwenda Mwanakwerekwe kununua begi, nami nimejifungia chumbani na kalamu yako. Nitakupa mkononi ukirudi. Uisome leo leo, nikiwa jikoni, usingoje boti.

Herufi zangu unazijua, ni wewe uliyenipa. Chuoni nilisoma juzuu zangu, lakini skuli sijaikanyaga. Hizi a na be nilizipata sakafuni humu humu ulipokuwa darasa la kwanza, wewe unaandika nami naandika, nikikosea unanipiga vidole kwa rula. Kwa hiyo ukikuta kosa, mlaumu mwalimu.

Sikwambii habari za kula. Sikwambii uvae vipi wala ulale saa ngapi. Hilo duka la mabuibui unalokwenda kufanyia kazi huko Dar es Salaam lina mwenyewe, atakwambia saa za kufungua na kufunga, na sala nilikufundisha ungali mdogo, siwezi kuanza leo kwa karatasi. Nnataka kukwambia habari ya kamera. Usiikunje hii barua! Nnajua hutaki kulisikia neno hilo. Miezi yote hii humu ndani hatulitaji, kama jina la mtu aliyekufa vibaya. Leo nitalitaja.

Kwanza nikwambie nilivyokuwa nakuona, maana hilo pia sijakwambia.

Harusi ya kwanza uliyopiga picha nilikuja, nikakaa nyuma na wazee wenzangu karibu na feni. Mlangoni walikuwa wanakusanya simu za watu kwenye beseni. Simu haingii, mwanamme haingii, wanawake wamevua mabuibui, nywele ziko nje, migongo iko nje, na wewe peke yako umeruhusiwa na mashine. Mashine yenyewe ya kukodi, mkanda umefungwa kwa uzi. Mama wa bi harusi akakushika mkono, akakwambia, "Mwanangu, picha hizi zikionekana nje, mimi na mume wangu basi." Ukamjibu, "Bibi yangu yumo humu na yeye kavua buibui. Nitamtoaje nje?" Wakacheka ukumbi mzima. Mimi nikajifanya sikusikia. Nilisikia, Salma. Moyo ulinivimba hata pilau likanishinda, nikalifunga kwenye mtandio nikaja kulila nyumbani.

Ukawa unaitwa. Jang'ombe hapa, Mjini kule, mpaka Mangapwani walikufuata. Wapigaji picha wapo, lakini wewe ulikuwa hujatoa nje hata kidole cha mtoto wa mtu, na wanawake wanalijua hilo kuliko wanavyojua picha nzuri. Ukawa unaweka kidogo kidogo upate kamera yako, uache kuomba ya watu.

Tukaenda Mwanakwerekwe mimi na wewe, kwa yule kijana anayetengeneza simu. Unamkumbuka, lakini mimi namkumbuka zaidi. Tumeingia, hakusimama. Hakuniamkia. Anamumunya ubuyu, mdomo mwekundu kama kachinja kuku kwa meno. Nikakohoa ili anione. Akaniona, akarudi kwenye bisibisi yake.

"Kamera ipo?" ukamuuliza.

"Ipo. Imetumika. Hapa ina mkwaruzo. Kioo cha mbele kina ukungu pembeni, ukipiga penye taa kali utauona. Bei haipungui."

"Naweza kuijaribu?"

"Kaa hapo, tia kadi yako, piga mpaka uchoke. Soma namba iliyo tumboni, soma na ya kwenye boksi, zikitafautiana usinunue, si kwangu wala kwa mtu mwengine. Na huyo bibi asinizibie mlango, nnataka mwanga."

Asinizibie mlango! Mimi! Nikakushika mkono. "Inuka tunakwenda," nikakwambia. "Mtu asiyejua kuamkia wakubwa atajua nini haki ya mtu?" Njiani ukasema taratibu, "Lakini bibi, kasema kweli." Nikakujibu, "Kweli isiyo na adabu na akae nayo mwenyewe."

Hilo la kwanza nililoliharibu. Sikujua kuwa nimeliharibu, nilijiona nimekulea.

Siku chache baadaye ukaja na simu, ukaniwekea mbele nami nashona kofia. Kamera mpya, na boksi lake, lenzi mbili na mkoba, kwa nusu ya bei ya yule wa ubuyu. Ulikuwa umefurahi, na papo hapo umekunja uso. Ukaniambia, "Bibi, moyo unanisita." Nikauliza unasita nini. Ukanihesabia. Ukurasa wake umefunguliwa juzi juzi tu. Watu hawaruhusiwi kuandika neno chini yake. Ile picha ya kamera umeiona kwa muuzaji mwengine, juu ya meza ile ile, na ua lile lile la plastiki pembeni. Na ulimwomba kitu kidogo tu: aandike jina lako kwenye karatasi, aiweke juu ya kamera, apige picha akutumie, ujue kweli anayo mkononi. Akakujibu, "Dada yangu, kwa hiyo mimi mwizi?"

Mtoto mwenye akili namna hii, mimi badala ya kukubusu kichwa nikakwambia umemvunjia mtu wa watu heshima.

"Mpigie," nikasema. "Nimsikie."

Ukampigia, ukanisogezea simu mdomoni. Nikasema, "Wewe, baba." Akaitika, "Naam, bibi. Shikamoo."

Naam, Salma! Herufi ya aini imetoka kooni safi, kama msomaji wa Kurani. Nilikuwa sijaitikiwa hivyo na kijana sijui tangu lini. Wengi siku hizi ukiwaita wanasema "ee", kama mbuzi.

"Marahaba, mwanangu. Wewe mtoto wa nani?"

"Mtoto wa marehemu Mzee Suleiman, bibi. Sisi wa hapa hapa Unguja, ila mimi niko Pemba kikazi. Nnasafiri wiki hii kwenda Uarabuni, ndiyo nauza vitu vyangu. Kamera nshaiweka pembeni, inamngoja yeye. Lakini kuna mwengine ananisumbua tangu asubuhi."

"Huyu yatima, mwanangu. Fedha yake ya jasho."

"Amana ni amana, bibi. Niombee dua tu nifike salama."

Nikamwombea dua. Nilimwombea mwizi dua ndefu, ya safari na ya riziki na ya mke mwema, na wewe umenishikia simu mbele ya mdomo unaitikia amin.

Ukasema, "Bibi, labda tumwambie aipeleke kwa mtu huko Pemba aikague kwanza." Nikasema, "Salma!" Hivyo tu. Jina lako, kwa sauti ile unayoijua. Ukatuma fedha.

Siku ya pili akataka fedha tena, ati mzigo umezuiwa bandarini, pana ushuru. Ulitaka kukataa. Mimi nikavua bangili ikauzwe, nikakwambia tukisita tutapoteza ile ya mwanzo. Kumbe ya mwanzo ilishapotea, na ya pili ilikwenda kuitafuta ikapotea nayo. Kisha picha ya sura yake ikafutika kwenye simu, na kila ukipiga haipokewi. Ukawa unakwenda bandarini kila boti ya Pemba ikifunga, unauliza mzigo usiokuwepo, mpaka wapagazi wakakuzoea jina.

Mimi katika kofia hanidanganyi mtu. Mletee bibi yako Mize kofia usiku bila taa, atapitisha kidole gumba akwambie hii ya mkono, hii ya cherehani. Lakini kofia naishika. Ile kamera tuliinunua kwa masikio. Na aliyenunua kwa masikio ni mimi.

Haya yote nnajua ungeyasamehe. Fedha hukuililia mbele yangu hata siku moja. Hili linalofuata ndilo lililonikalisha chini na kalamu.

Harusi ya Rukia ilikuwa inakuja, mtoto wa Bi Zuwena wa nyuma yetu hapa. Ile kamera ya kukodi ulishamwambia mwenyewe ampe mtu mwengine, kwa kuwa yako inafika. Haikufika. Ulizunguka mji mzima kutafuta ya kuazima, ukarudi miguu imevimba. Ukarudisha arbuni waliyokutangulizia watu. Rukia akatolewa ukumbini mbele ya wageni kapambwa kama mwezi, hakuna hata mtu mmoja wa kumpiga picha, maana simu zote zimo beseni.

Asubuhi yake Bi Zuwena akaja mlangoni kwetu, na wanawake wa mtaa nyuma yake.

"Mwanangu anaolewa mara moja, Salma! Mara moja! Atamwonesha nini mwanawe?"

Ulisimama kichwa chini. Mmoja akauliza, "Kamera si alinunua?" Mwengine akajibu, "Kanunua hewa, bwana, na mkoba wake." Wakacheka. Halafu wakanigeukia mimi. "Bi Mize, nawe ulikuwepo humu ndani. Hukumkanya?"

Nilikuwa na mlango wa kupita hapo, mlango mpana. Ningesema, "Mimi ndiye niliyemtuma." Neno moja. Niliwatazama wale wanawake, wote wananiita Bi Mkubwa, wote wanakuja kwangu kushauriana juu ya waume zao. Nikasema, "Watoto wa siku hizi wanashaurika? Rahisi inawaponza. Nilimkanya nikachoka."

Nilimkanya nikachoka. Kwa ulimi huu huu nnaosalia sala tano.

Uliniangalia mara moja. Uliingia ndani ukachemsha chai, ukanimiminia, ukaniuliza, "Sukari inatosha, bibi?" Nikakujibu inatosha. Mwanangu, ile chai haikuwa na sukari hata chembe. Ulisahau kutia. Niliinywa yote, sikuthubutu kukuomba.

Tangu siku ile mtaani ukawa Bi Rahisi. Mabibi harusi wakaanza kuita watu wengine, ati Salma hana bahati, ati Salma anapenda vya bure. Ukaacha kwenda harusini hata kama mgeni. Na sasa unakwenda kukunjua mabuibui ya watu kwenye duka la mtu. Kazi ni kazi, sikuidharau. Lakini nnakutazama unavyopanga nguo zako, nnajua nani kakufungia huo mzigo.

Na aliyepaswa kujua kuliko watu wote ni mimi. Babu yako alikuwa mtu wa Tumbatu, fundi wa kupaka chokaa. Alipokuja kuposa, mama yangu alimsikia akizungumza, akaingia ndani akaniambia, "Mtu ni ulimi wake, na huyu kauacha wake kwao." Kweli babu yako hakuwa na maneno. Alikuwa akiingia kwa watu kama mlango umemtukana. Nilimtaka hivyo hivyo, nikagombana na mama yangu, nikagoma kula, mpaka nikaolewa naye. Muda wote niliokaa naye hakuniambia neno tamu hata kwa bahati mbaya, na hakunidanganya hata kwa kipande cha muhogo. Akiupaka ukuta wa mtu vibaya anarudi kuupaka upya bila kuambiwa, na akiulizwa kwa nini, anasema, "Haukukaa," basi. Mimi nilimshinda mama yangu kwa jambo hilo. Uzeeni nikaokota maneno yake mwenyewe nikayavaa, nikampa mgongo babu yako katika sura ya yule wa ubuyu dukani Mwanakwerekwe, nikamkaribisha mwizi nyumbani.

Leo ulipotoka tu, nilitia buibui nikaenda kwa Bi Zuwena. Nimemkuta anapeta mchele, na dada yake yupo, yule mwenye mdomo.

"Bi Mize! Karibu. Salma kesho, eh?"

"Kesho. Usinipe kiti. Nimekuja kusema."

"Kaa, bibi, unanitisha."

"Siku ile mlangoni nilisema nilimkanya. Sikumkanya. Yeye ndiye aliyenikanya mimi. Mimi ndiye niliyemlazimisha atume."

Akaacha kupeta. "Mbona hukusema?"

"Niliona haya."

"Ukamtwika mtoto haya zako."

"Nikamtwika."

Dada mtu akadakia, "Bi Mize, uzee wote huo na uwongo!" Nikamwambia, "Ndiyo, na meno sina."

Hawakucheka. Bi Zuwena akasema, "Picha za Rukia hazirudi." Nikasema hazirudi. Akasema, "Na mimi ndiye wa kwanza kumwita mtoto yule Rahisi. Kwa mdomo wangu." Akajifuta macho kwa kanga, mchele ukamwagika. Hakuniambia nimesamehewa, wala sikumwomba. Wa kuombwa ni wewe. Nikatoka hapo nikaenda kwa mpambaji wa maharusi, nikasema tena. Nikasema kwenye mfereji wa maji mbele ya wanawake na ndoo zao. Nitasema kwenye hitma na kwenye harusi, mpaka wachoke wao kunisikia. Najua nimechelewa. Jina la mtu huchafuka kwa neno moja, na mimi sijui maneno mangapi yatalisafisha. Wewe utakuwa huko, hutasikia.

Nisamehe, Salma. Na kama huwezi sasa, nenda na hasira yako, usijilazimishe ili mimi nilale vizuri.

Ile kazi yako usiiache. Nnakuomba hilo. Ukipata tena fedha ya kamera, usiinunue kwa masikio. Mtu akiuza nusu ya bei, muulize nusu nyengine kaiacha wapi. Akikwambia upesi, kuna mwengine anaitaka, mwambie ampe huyo mwengine. Nenda pahala penye watu, ishike, itie kadi yako, soma namba zake mbili kama alivyotwambia yule mwenye ubuyu, kisha ndiyo utoe fedha, kitu kikiwa mkononi mwako. Na kama anayeuza ana kasoro za kukwambia, msikilize huyo. Mwizi kitu chake hakina mkwaruzo.

Lakini usije ukawa mtu wa kuogopa kila anayekuamkia. Hilo litaniuma zaidi ya fedha. Watu wema bado wanasema shikamoo. Waitikie, marahaba, kwa moyo mweupe. Salamu hujibiwa kwa salamu, haijibiwi kwa fedha. Mimi nilivichanganya viwili hivyo, na wewe ukalipa.

Na sasa la mwisho, nalo ni gumu kwangu kuliko yote, maana sikulelewa hivyo wala sikukulea hivyo. Moyo wako ulijua. Ulisita, ukasema kwa adabu, mimi nikauzima kwa kukuita jina tu. Nilikufundisha kutii, Salma, nikafundisha vizuri kupita kiasi. Ukifika huko nitakupigia simu, nitakwambia fulani mzuri, fulani mbaya, fanya hivi, usifanye vile. Moyo wako ukisita, nikatae. Niambie, "La, bibi." Nitakasirika. Nitakata simu. Nitakaa na hasira zangu mpaka laasiri, kisha nitakupigia mwenyewe.

Umeniambia moyo wako umetulia juu ya safari hii. Nnakuamini. Ila mimi nnajijua. Kesho pale bandarini nitakushika mkono mbele za watu, nitalia, nitakwambia mimi mzee, nitakufa peke yangu, usiende. Nitasema "Salma!" kwa sauti ile ile.

Hapo ndipo uanze. Niambie, "La, bibi," upande boti.

Ni mimi niliyekusingizia, bibi yako,
Mize